Kaş nimeipenda, lakini boti ya Kekova imeniudhi mpaka leo

Naandika nikiwa bado na hasira. Msimu wa joto uliopita tulikuwa Kaş, mji mdogo wa pwani ya kusini ya Uturuki, na mimi kilichonipeleka ni Kekova, kisiwa cha jirani. Huko kuna mji uliozama: kuta na ngazi za Walicia, watu wa kale wa pwani ile, zilizotumbukia baharini kwa matetemeko ya ardhi ya karne ya 2. Ng'ambo yake kuna ngome ya Simena, na ndani ya ngome ukumbi mdogo wa maonyesho uliochongwa kwenye mwamba wenyewe. Barabara ya gari haifiki pale. Ni boti au miguu.

Kijana wa kibanda cha tiketi bandarini alituhakikishia, tena kidole kikiwa juu ya ramani: Simena mnashuka, mnakaa saa nzima. Tukalipa palepale.

Sasa sikilizeni. Asubuhi yote tulizungushwa kwenye vighuba vya kuogelea, muziki unapasua masikio. Mji uliozama tukaupita mbio. Ndiyo kwanza naziona ngazi zinazoshuka majini, boti ishageuza. Kuogelea juu ya magofu yale ni marufuku, na hilo naliunga mkono kabisa. Basi si wapite polepole watu waone?

Tulipofika mbele ya Simena, nahodha akasema hatushuki, upepo unakuja. Upepo gani jamani? Boti nyingine zimefungwa gatini, na watu nawaona kwa macho yangu juu ngomeni wanapiga picha. Mama mmoja, mgeni kama sisi, alikuwa ameshavaa viatu vya kupandia, akabaki amekaa navyo. Nikamuuliza msaidizi wa nahodha kwa adabu. Akanijibu mbele ya abiria wote: "Unataka kushuka? Ogelea." Akacheka, akaenda zake. Hata konda wa daladala pale Posta jioni hajawahi kunijibu hivyo.

Tuliporudi kibandani, hatukurudishiwa hata lira moja. Hata pole hatukupewa.

Usiku ule niliapa kumwambia kila mtu asikanyage Kaş. Lakini huko ni kuuonea mji. Ukumbi wa maonyesho wa Antiphellos, jina la kale la Kaş, uko mwendo mfupi kwa miguu kutoka bandarini. Ukuta wa jukwaa haupo, kwa hiyo ukikaa kwenye ngazi zake za mawe unaitazama bahari na kisiwa cha Meis cha Wagiriki bila kitu mbele yako. Hakuna tiketi, hakuna wa kukuharakisha. Na kwenye mtaa wa maduka limesimama jeneza la mawe la Walicia lenye vichwa vya simba, watu wanapita kando yake na mifuko yao.

Mzee mwenye nyumba ya wageni tuliyofikia alikasirika kuliko mimi. Akasema tungekwenda kwa gari mpaka kijiji cha Üçağız, chini ya saa moja tu, tukachukue boti ndogo za wenyeji. Tunaambiwa hayo mabegi yako mlangoni! Nauli na viza ya kurudi nitavipata lini?

Mji naupa nyota nne. Hapana, tano, mji haukunikosea kitu. Boti ile siipi hata moja. Mkienda, pitieni Üçağız, na kabla ya kutoa pesa aandike kwenye tiketi kwamba Simena mnashuka.