nLite: CD moja ya XP, SP3 na apdeti zake humo humo

Karibuni tena wadau. Hii niliyoshika, ngoja niisogeze kwenye kamera muione, ni CD ya Windows XP. Najua kuna mtu keshaanza kucheka. Cheka tu, lakini kuna rafiki yangu anakata stika za bajaji, na mashine yake inaelewana na programu moja tu, ambayo Windows 10 haiitaki hata kuiona. Waya wenyewe ni wa zamani, unachomekwa kwenye tundu la COM, lile la kompyuta za enzi hizo. Mwezi uliopita diski ya kompyuta yake ilikufa, kazi ikalala. CD aliyokuwa nayo ni halali, na ufunguo wake anao, ila ni ya enzi za SP1, yaani service pack ya kwanza, kifurushi cha maboresho ya Windows.

Sasa mafundi mnajua adha ya kupiga windo, yaani kuingiza Windows kwenye kompyuta, kwa CD ya namna hiyo. Unapiga XP, unapiga service pack, unapiga apdeti, zima washa, zima washa, mpaka chai inapoa. Na ole wako uchomeke intaneti katikati ya hiyo safari. Waliokuwa kazini Agosti 2003 wanamkumbuka kirusi Blaster: kompyuta mpya kabisa, haijamaliza dakika chache mtandaoni, inaanza kuhesabu sekunde ijizime.

Dawa ni nLite, programu ya bure ya jamaa anaitwa Dino Nuhagić. Unaipa CD yako ya Windows 2000, XP au Server 2003, inachomekea maboresho ndani, inakurudishia CD mpya inayobutu yenyewe, yaani kompyuta inawakia humo. Kwenye Windows 10 inafunguka, ila washa kwanza .NET 3.5, kipande cha Windows ambacho nLite inakitegemea.

Tuangalie skrini. Nimenakili CD nzima kwenye folda ya C, nimeiita XPCD. Naionyesha nLite folda hiyo, inasoma yenyewe: XP Professional, SP1. Nikibonyeza Service Pack naipa faili la SP3, lile la KB936929 (KB ni namba ambayo Microsoft inayapa maboresho yake), kama MB 316 hivi. Angalieni lugha! CD ya Kiingereza inataka SP3 ya Kiingereza, ukichanganya inagoma. Ikimaliza, ingieni kwenye folda mtafute faili linaloitwa WIN51IP.SP3. Likiwepo, imekubali.

SP3 ni ya 2008, kwa hiyo msiishie hapo. Mimi nimeongeza tatu ambazo siziachi kamwe: KB958644, inayoziba tundu alilopitia kirusi Conficker, KB4012598 ya Mei 2017, ya kirusi WannaCry, na KB4500331 ya Mei 2019. Hizi mbili za mwisho Microsoft ilizitoa wakati XP ilishazikwa, yaani haihudumiwi tena, tangu tarehe 8 Aprili 2014, ndiyo ujue hali ilikuwa mbaya kiasi gani.

Lakini kwangu mimi, kilichonifanya niipende nLite ni draiva, programu ndogo inayoiwezesha Windows kukitambua kifaa. Ukipiga XP kwenye kompyuta yenye diski ya SATA, aina mpya kuliko ile XP inayoijua, inapakia vizuri, unajipongeza, mara skrini ya bluu: 0x0000007B. Maana yake haioni diski. Zamani ulitakiwa ubonyeze F6 uchomeke flopi. Flopi utaitoa wapi leo? Hapa unafungua Drivers, unaipa faili la INF (maelekezo ya draiva) la AHCI, njia ya kuendesha diski za SATA, inakuuliza uiweke kwa namna gani, unachagua Textmode, ile ya kupakiwa mwanzoni kabisa, kisha unatia alama chipu ya ubao wako. Kama hujui ni ipi, itazame kwanza kwenye Device Manager, usibahatishe. Dakika mbili, umemaliza tatizo ambalo limewahi kunikesha.

Sasa lawama. Kuna ukurasa wa Components, wa kupunguza vitu usivyovihitaji, na ndiko watu wanakopotelea. Jaribio langu la kwanza nilijifanya mjuaji, nikafyeka hiki na kile ili XP iwe nyepesi. Ikawa nyepesi kweli, ikawaka kama taa. Printa ikakataa. Nimehangaika na waya, nimebadilisha waya, kumbe huduma ya kuchapisha nimeifuta kwa mkono wangu mwenyewe. Na ukishaifuta huirudishi kirahisi, unaanza upya na folda safi. Kwa hiyo msimamo wangu: nLite ni ya kuingizia. Kupunguza, achana nako, XP yenyewe haili kitu.

Jingine dogo: ukijaza ufunguo wa Windows kwenye ukurasa wa Unattended ili isikuulize, unakaa kwenye faili la WINNT.SIF, wazi kabisa, na yeyote mwenye Notepad anausoma. CD hiyo usiiazime.

Mwisho Bootable ISO, faili moja lenye CD nzima. Ijaribuni kwanza kwenye VirtualBox, programu ya kuigiza kompyuta nyingine, ndipo mchome, na mchome kwa kasi ndogo. Visomea CD vya kompyuta hizi vimechoka. Yangu imeingia kwenye CD ya MB 700 vizuri tu.

Alama nane kwa kumi. Mbili nimekata kwa ule ukurasa wa kufyeka, ungestahili onyo kubwa zaidi. Kompyuta ya rafiki yangu haina waya wa intaneti, na haitawekewa. CD nimeiandika kwa kalamu, XP SP3 + SATA, na sasa inakaa droo moja na visu vya kukatia stika.