Les Misérables ya jukwaani: tuni ileile, kinywa kingine

Nafundisha kwaya Mabatini, hapa Mwanza, huu mwaka wa 17, na hakuna kazi ya kuimba iliyowahi kunishika kama hii. Binti yangu alikuja na DVD ya Les Misérables, onyesho la kuadhimisha miaka 25 lililorekodiwa London mwaka 2010 katika ukumbi wa O2. Jumamosi baada ya mazoezi tulitundika shuka jeupe ukutani, tukaazima projekta, tukabanana kwenye mabenchi watu ishirini na kitu. Umeme ukakatika katikati. Tulikaa gizani kama dakika arobaini, na hakuna aliyeaga.

Kisa chenyewe ni cha Victor Hugo, riwaya nene ya mwaka 1862. Jean Valjean ametumikia kifungo cha miaka 19: aliiba mkate wa kumlisha mtoto wa dada yake, na kila alipojaribu kutoroka akaongezewa miaka. Anatoka moyo umekuwa jiwe. Anamwibia askofu aliyempa chakula na kitanda, askari wanamkamata, na askofu anawaambia vyombo vile vya fedha alimpa mwenyewe. Kisha anamwongezea vinara viwili vya mishumaa. Alain Boublil na Claude-Michel Schönberg walikigeuza kitabu hicho kuwa nyimbo kwa Kifaransa, zikachezwa Paris mwaka 1980, halafu London mwaka 1985 kwa Kiingereza. Karibu kila neno linaimbwa, hata ugomvi.

Schönberg hatupi tuni akishaitumia mara moja, na hapo ndipo waimbaji wangu walipokaa wima. Askofu anamwimbia Valjean: ingia, umechoka, nje kuna baridi. Baadaye sana kijana Marius, aliyepona peke yake kati ya wenzake katika maasi ya Paris ya mwaka 1832, anarudi kwenye meza walizokuwa wakikaa pamoja. Viti vitupu. Mama mmoja wa sauti ya pili akasema gizani, "Mwalimu, huu si wimbo wa baba askofu?" Nikasimamisha, nikarudisha nyuma, tukasikiliza vyote viwili. Ni wenyewe. Tuni iliyomkaribisha mtu mezani ndiyo inayowalilia waliokosekana mezani.

Ukishasikia hilo, utayasikia mengine. Valjean aliposamehewa anaimba kwa uchungu, anachana karatasi yake ya mfungwa, anaanza maisha upya. Askari Javert, aliyemwinda miaka na miaka, naye anaachiwa uhai na Valjean huyohuyo. Anaimba muziki uleule, lakini msamaha hauwezi, anajitupa mto Seine. Na katika "One Day More", wimbo unaofunga sehemu ya kwanza, Cosette, msichana aliyelelewa na Valjean, na mpenzi wake Marius wanaimba kipande cha wimbo wa Fantine, mama yake Cosette aliyekufa zamani. Binti anaimba tuni ya mama yake bila kujua. Mimi nilishindwa kuendelea kutafsiri pale.

Kuhusu waimbaji, Norm Lewis kama Javert ana sauti nzito tulivu isiyopiga kelele, na vijana wangu wa sauti ya nne waliitazama midomo yake tu. Lea Salonga wa Ufilipino anaimba Fantine kwa maneno yanayosikika moja moja. Lakini Alfie Boe, akiwa Valjean, anapoimba "Bring Him Home", anamwombea Marius arudi nyumbani salama. Ni juu sana, na bado anaimba polepole kama mtu asiyetaka kuamsha watoto. Mama yangu aliuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Usiku upepo ulipochafuka na kaka yangu yuko ziwani na karabai, aliomba hivyohivyo, kwa sauti ya chini, hadi alfajiri. Nimewaambia wa sauti ya tatu mara ngapi kwamba noti ya juu haiombi kelele! Sasa wamesikia.

Kasoro zipo. Hili ni onyesho la kusimama mbele ya maikrofoni, kwaya na okestra nyuma, kwa hiyo mapigano kwenye kizuizi cha barabarani huyaoni vizuri, na asiyejua kisa atapotea. Aliyeimba Marius ana sauti nyembamba kati ya majabali, anamezwa. Vituko vya mwenye nyumba ya wageni na mkewe viliwachekesha watoto, mimi niliona vimezidi. Na Kiingereza kinakwenda mbio, bora awepo mtu wa kusimamisha na kueleza.

Mwishoni wanatoka Valjean wanne kuimba ile sala kwa zamu, akiwemo Colm Wilkinson, aliyeimba nafasi hiyo London mwaka 1985. Mzee wetu wa besi aliomba turudie. Tukarudia, mara mbili, ikapita saa nne usiku, na bajaji za kurudi Igoma zikawa za kutafuta kwa tochi.

Nimeshaandika nota za sol-fa za "One Day More", vipande viwili tu kwanza: cha Cosette kwa sauti ya kwanza, cha Javert kwa sauti ya nne. Besi bado wanaingia mapema.