TAHADHARI: Fundi wa Arua anayedai kufungua mafaili yaliyofungwa na virusi

Ndugu zangu wa Arua, Koboko, Nebbi hapa Uganda na wote mnaopeleka kompyuta mjini kutengenezwa, someni hii kabla hamjampa mtu pesa. Kuna fundi anajitangaza kuwa anafungua mafaili yaliyofungwa na ransomwea, yaani virusi vinavyofunga mafaili yako kisha wenye virusi wanadai pesa ili wayafungue. Hawezi! Anachoweza ni kukuonyesha faili moja likifunguka, ulie kwa furaha, ulipe, kisha akumalize. Jina lake siliandiki kwa kuwa jambo liko polisi, ila aliyewahi kukaa kwenye benchi lake atamtambua.

Yaliyonipata ni haya. Nina duka la kuchapia watu kazi zao. Kompyuta iliyopigwa ni ile ya kuchapia. Lilitokea dirisha kama la Windows inapojisasisha, asilimia zinapanda taratibu, nikaiacha nikahudumia wateja. Niliporudi kila faili lina mkia wa herufi nne zisizoeleweka, na kwenye mafolda kuna ujumbe unaitwa _readme.txt: lipa dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 utalipa 490. Ripoti za wanafunzi, barua za LC (baraza la mtaa), mikataba ya viwanja, hesabu za kikundi chetu cha akiba, vyote vimefungwa.

Sasa sikilizeni, maana ujanja wake uko hapa. Huyu mtu hakuomba pesa kwanza. Mafundi wengine walikuwa wananiambia futa kila kitu uanze upya. Yeye akaniambia kwa upole, "Mama, pole sana. Nipe faili moja tu, dogo, nikuonyeshe. Nikishindwa hatudaiani." Nikampa ripoti ya binti mmoja anayesomea uuguzi, akaiweka kwenye flashi yake.

Kesho yake akanipigia. Nilipofika akaigeuza laptopu upande wangu, hakusema neno. Ripoti ile ile! Jina la binti juu, jedwali la vipimo vya damu nililohangaika kulipanga, hata lile neno nililolipaka rangi ya njano ili nimuulize mwenyewe kama ameliandika sawa. Nikashika mausi kwa mkono wangu, nikashuka ukurasa kwa ukurasa mpaka mwisho. Machozi yakanitoka mbele ya vijana wake wa kazi. Wanaonicheka sasa hivi, niambieni: mtu amekutolea kitu kilichokufa kikiwa hai mbele ya macho yako, wewe usingemwamini?

Hapo ndipo akataja bei. Yaliyobaki yanafunguliwa na programu, na programu inataka leseni kutoka nje, shilingi 650,000. Nikatuma nusu kwa simu pale pale. Siku ya kuchukua mashine akanionyesha folda imejaa alama za bluu za Word, ule mkia hauonekani tena. Nikataka kufungua moja, akasema betri inaisha, umeme umekatika, mama nenda ukafungue kwako kwa utulivu. Nikamalizia pesa. Alinisindikiza hadi kwenye boda, mashine akanibebea yeye.

Dukani hakuna faili hata moja lililofunguka. Word inasema limeharibika. Mtoto wa dada yangu, anayesoma kompyuta, alitazama kidogo tu akatikisa kichwa. Fundi alikuwa amefuta ule mkia kwenye majina ya mafaili, basi. Ukiufuta, alama ya bluu inarudi na faili linaonekana zima, lakini ndani limefungwa vile vile. Na ile ripoti ya binti? Kijana akaniuliza kama niliusoma ule ujumbe wa majambazi mpaka chini. Humo humo wameandika kwamba ukiwatumia faili moja watakufungulia bure, uone kuwa funguo wanazo. Fundi aliwatumia wezi faili langu, wakamfungulia, akaniletea kama kazi ya mikono yake. Alijua kabisa kwamba mtu mwenye hofu husoma zile dola tu.

Kinachoniuma zaidi ya pesa ni hiki. Alifomati diski, yaani alifuta kila kitu kilichokuwa ndani yake. Alichobakiza ni ile folda moja ya maonyesho kwenye flashi. Kijana anasema virusi vya aina hii, vinaitwa STOP au Djvu, vikikosa kuwasiliana na majambazi wenyewe kwa intaneti hutumia ufunguo mmoja kwa watu wengi, na kampuni ya Emsisoft ina programu ya bure inayoweza kufungua baadhi ya mafaili ya namna hiyo. Kuna pia tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta, na zana zake ni za bure. Kama mafaili yangefungwa kwa ufunguo ule wa wengi, ningeyaweka yakangoja. Sasa nitafungua nini? Wenye mikataba wanakuja dukani kila siku, na mimi ndiye ninayetazama chini.

Halafu jiulizeni, ile Office (programu yenye Word) isiyolipiwa iliyokuwa kwenye kompyuta yangu nani aliniwekea? Ni yeye, na antivirasi aliizima mwenyewe eti inasumbua. Virusi hivi hupenda kuja na programu za wizi za namna hiyo. Sisemi alivileta makusudi. Nasema polisi wamuulize.

Mtu kama huyu asilipishwe faini akaenda zake. Sheria yetu ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2011 inasema udanganyifu wa kielektroniki unaweza kukufunga hadi miaka 15, na mimi nataka apewe yote. Afungiwe duka! Vijana anaowafundisha kazi hii waondolewe pale kabla hawajawa kama yeye.

Kwa mwenye kompyuta iliyopigwa: ikate kwenye intaneti, chomoa flashi zote, usifute kitu. Piga picha ule ujumbe. Pakia faili moja lililofungwa kwenye tovuti ya ID Ransomware, itakuambia ni virusi gani. Badilisha paswadi zako ukitumia simu, maana virusi hivi huja na programu nyingine inayoiba paswadi. Kuondoa virusi si kufungua mafaili. Fundi akikuambia ni kitu kimoja, ondoka. Akikuonyesha faili moja, mwambie akufungulie mengine matano utakayochagua wewe, hapo hapo, kwenye mashine yako. Na asifomati mpaka mafaili yaliyofungwa yawe kwenye diski uliyoishika wewe.

Kama amekula pesa zako pia, usifute ujumbe wa malipo kwenye simu. Niandikie kwa siri. Mpelelezi ameniambia tukiwa wengi faili la kesi litakuwa na nguvu, na mimi niko tayari kwenda na wewe kituoni.