IPOA Mombasa: malalamiko wanapokea vizuri, ila fidia tafuta wakili mapema

Naipa nyota 4, na naandika kwa sababu watu wengi huku Pwani wakipigwa na karao (polisi) wanakaa kimya, ati utaripoti wapi na aliyekupiga ndiye ameshika OB, kile kitabu cha matukio kituoni. Jamani pa kuripoti papo. IPOA si polisi, ni mamlaka ya kiraia ya Kenya inayochunguza makosa ya polisi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, na ofisi haziko Nairobi peke yake, Mombasa ipo, Kisumu, Garissa na kwengineko.

Mdogo wangu alipigwa rungu kwenye kituo kimoja cha huku, sikitaji, mkono ukavunjika, nikampeleka IPOA. Hawakuitisha hata shilingi. Dada aliyetupokea hakuanza na "kwani ulifanya nini", alimwacha aongee taratibu na yeye akawa anaandika, maana si lazima uende na barua, hata kwa mdomo unapokelewa. Bebeni karatasi za hospitali, P3 (fomu ya polisi ya kuthibitisha majeraha) iliyojazwa na daktari, picha za majeraha kabla hayajapona, majina ya walioona. P3 ndiyo inasumbua watu kwa sababu fomu inatoka huko huko polisi, sisi tuliichukua kituo kingine mbali na kile.

Sasa hapa ndipo watu wanapoumia mara ya pili. IPOA inachunguza, ikiona kuna kosa inapeleka faili kwa DPP, mkurugenzi wa mashtaka ya umma, fidia inaweza kupendekeza tu, kulipa hailipi. Pesa za matibabu na maumivu unazidai kortini wewe mwenyewe, unamshtaki afisa pamoja na Mwanasheria Mkuu, na sheria inakupa miezi 12 pekee kuishtaki serikali kwa madhara kama haya, na kuwa na faili IPOA hakusimamishi hiyo miezi!! Usikae nyumbani ukingoja uchunguzi uishe ndio utafute wakili. Ikishapita inabaki petisheni ya haki za kikatiba Mahakama Kuu, na huko pia ukichelewa sana utaulizwa ulikuwa wapi. Na ukishinda jua kulipwa ni safari nyingine, mali ya serikali haikamatwi ikapigwa mnada kama ya mdaiwa wa kawaida, wakili itabidi arudi kortini tena kuomba amri ya kulazimisha malipo.

Nyota moja niliyopunguza ni kwa sababu ya usalama wa mlalamishi. Josephat Mwenda alipigwa risasi na polisi 2015 akaenda IPOA, Juni 2016 akatekwa akitoka kortini na wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi Joseph Muiruri, wote watatu wakauawa. Afisa Fredrick Leliman alihukumiwa kifo Februari 2023, karibu miaka 7 baadaye, na bado nikifikiria ile kesi roho inaniuma. Kwa hivyo ukianza kupata simu usizozielewa au gari linakufuata, usinyamaze ukidhani ni wasiwasi wako, waambie IPOA siku hiyo hiyo na uombe waziwazi upelekwe kwa shirika la ulinzi wa mashahidi.