Kijiti cha shavuni na baba mwanajeshi: kipimo cha MyHeritage kwa mtu wa Arusha au Moshi

Boksi la MyHeritage, kampuni inayopima vinasaba (DNA) ili kutafuta ndugu, ni dogo, linaingia kwenye mfuko wa koti. Ndani mna vijiti viwili vya kupangusia shavu, vichupa viwili vyenye maji ya kuhifadhia, kifuko cha plastiki, bahasha ya kurudishia na karatasi ya maelekezo. Hakuna sindano wala damu. Pia, tofauti na kipimo cha kampuni nyingine, AncestryDNA, hakuna kutema mate mpaka yafike kwenye mstari. Hilo la mate lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu mtu anayehitajika zaidi katika utafutaji wa namna hii huwa ni mzee: shangazi wa miaka themanini na kitu kule Machame, kinywa kikavu, na dawa anazomeza huenda zinakikausha zaidi. Kumwambia ajaze kichupa cha mate ni kumtesa. Kupangusa shavu anaweza.

Tathmini hii ni ya mtu aliyekulia Arusha au Moshi akiambiwa kwamba baba yake, au babu yake, alikuwa mwanajeshi, kisha akaona maelezo hayashikani. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa ni la baba mlezi. Picha ya mtu mwenye sare imelala chini ya kanga kwenye sanduku la bibi. Wazee wakiulizwa, wanaulizia mvua. Kwa mtu huyo boksi hili linaweza kuwa fedha iliyotumika vizuri kabisa au fedha iliyotupwa, na kinachoamua ni jambo moja: mwanajeshi huyo alikuwa mgeni au mwenyeji?

Akiwa mgeni, nunua. Kipimo hiki hakimtafuti baba moja kwa moja. Kinakulinganisha na kila mteja mwingine aliyekwisha kupima, halafu kinakupa orodha ya mnaochangia vinasaba, kuanzia wa karibu. Wateja wengi wa MyHeritage wana asili ya Ulaya, na Wazungu wana kawaida ya kuandika miti ya ukoo mpaka vizazi sita nyuma. Mtoto wa sajini wa Kiingereza atakuta binamu wa pili (mnaochangia wazazi wa babu au bibi) na wa tatu ambao hawajawahi hata kumsikia, na binamu wa pili wawili au watatu wenye mti mzuri wanatosha kumfikisha kwa babu. Kizazi kikisogea nyuma bado inawezekana. Mtu ambaye baba wa babu yake alikuwa askari aliyeingia Moshi na majeshi ya Uingereza Machi 1916 ana takriban asilimia 12.5 ya vinasaba kutoka kwake.

Akiwa mwenyeji, usinunue. Watanzania waliopima ni wachache mno, kwa hiyo orodha itajaa watu wa mbali wasio na msaada, na ramani ya asili itakuambia wewe ni wa Afrika Mashariki, jambo ambalo hata konda wa daladala za Kijenge angekuambia bure. Boksi litamfaa mwenyeji pale tu ambapo ndugu anayeshukiwa yuko hai na amekubali kupima naye, maana yake maboksi mawili na gharama mara mbili. Kwa fedha hiyo kuna njia bora hapahapa Arusha, tutaifikia.

Namna ya kuchukua sampuli. Nusu saa kabla, kinywa kipumzike: hakuna chai, hakuna mbege, hakuna ugoro, hakuna kupiga mswaki. Fungua kijiti kimoja kwanza, usiguse ncha, sugua ndani ya shavu moja kwa kuzungusha karibu dakika nzima, kitumbukize kichupani, vunja mpini pale ulipokatwa alama, kisha funga mpaka kifuniko kikaze. Kijiti cha pili ni cha shavu la upande mwingine. Wengi husugua kwa sekunde kumi kwa kuona haya, kisha maabara inarudisha jibu kwamba sampuli haitoshi. Kosa linalofuata ni kupima watu wawili kwenye meza moja. Vichupa vinabadilishana, shangazi anakuwa mpwa, na mtu anajenga ukoo mzima juu ya kosa hilo. Maliza mmoja, sajili namba ya boksi lake mtandaoni kwa jina lake, funga bahasha, ndipo umwite wa pili.

Usafirishaji ndio udhaifu mkubwa kwa watu wa huku. Maabara iko Marekani. Majibu huchukua wiki tatu hadi nne, lakini saa inaanza kuhesabu sampuli ikifika, siyo ulipoitia Posta pale Mnara wa Saa. Barua ya kawaida ni ya bei nafuu lakini ya polepole. EMS au kampuni za vifurushi zinafuatilika, ila gharama yake inaweza kukaribia bei ya kipimo chenyewe. Wakati wa kununua, anuani ya S.L.P. huwasumbua wasafirishaji, kwa hiyo njia nyepesi ni ndugu aliye nje kuja na boksi kwenye begi. Kurudisha sampuli ni habari nyingine: kuvusha sampuli za vinasaba vya binadamu nje ya nchi ni jambo la kibali, na wa kuulizwa ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Uliza kabla ya kufunga bahasha. Mtu anayesafiri kwa shughuli zake akapangusa shavu akiwa hukohuko anaepuka mzunguko wote huu.

Majibu yakija, ruka ramani yenye rangi. Nenda kwenye orodha, tazama namba za sentimogani, kipimo cha urefu wa vipande mnavyochangia. Mzazi na mtoto huwa karibu 3,400 hadi 3,500. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja huzunguka 2,600, ndugu wa kuchangia baba tu 1,750, binamu wa kwanza 870, binamu wa pili 230. Hizi ni wastani. Binamu wa kwanza anaweza kushuka hadi 400 au kupanda hadi 1,400. Mtego uko kwenye 1,750. Namba hiyo ni ya ndugu wa kuchangia baba, lakini vilevile ni ya shangazi, ya baba mdogo na ya babu. Kipimo hakijui nani mkubwa. Umri na mwaka wa kuzaliwa ndivyo vinavyoamua, ndiyo maana tunasema karatasi zitangulie kijiti. Vipande vya chini ya sentimogani 15 viache vilivyo, hasa kama kuna binamu waliooana kwenye ukoo, kwa sababu huko kila mtu anaonekana wa karibu kuliko alivyo.

Kwa wanawake wawili wanaodhani wanachangia baba kuna ushahidi mzuri sana ambao MyHeritage haiuonyeshi: kromosomu X, moja ya nyuzi zinazobeba vinasaba. Mwanamume ana X moja, na humpa kila binti yake ileile, nzima. Kwa hiyo mabinti wa baba mmoja lazima wafanane kwenye X kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikikatika katikati, baba si mmoja. Pakua data ghafi, ipakie GEDmatch, tovuti ya kulinganisha data za vinasaba, linganisha X huko, huduma ya msingi ni bure. Wakati wa kupakia kuna sehemu ya kuchagua kama polisi waruhusiwe kutafuta humo. Soma kabla ya kubofya, kwani wapelelezi wa California waliitumia hifadhi hiyo kumsaka muuaji aliyekamatwa Aprili 2018.

Kwa wanaume, kromosomu Y hushuka kutoka baba hadi mwana karibu bila kubadilika, na MyHeritage hailinganishi hiyo pia. Kampuni ya FamilyTreeDNA ndio wanaouza kipimo chake. Lakini ijulikane inachosema. Y ya mtu wa Kibosho ni ileile ya babu yake, ya kaka zake na ya baba zake wadogo wote. Itathibitisha ukoo, haitamtaja mtu. Na katika siri za namna hii, mara nyingine jibu ni kwamba baba mdogo ndiye baba.

Sasa karatasi. Maelezo ya mwanajeshi yana faida moja: majeshi yana tarehe, na tarehe hazioni aibu. Bibi akisema mtu wake alikuwa JWTZ mwaka 1962, kuna kosa mahali, kwa sababu JWTZ iliundwa tarehe 1 Septemba 1964. Mwaka 1962 jeshi lilikuwa Tanganyika Rifles, na kabla ya Uhuru askari hao walikuwa King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza. Maofisa Waingereza waliliongoza mpaka maasi ya Januari 1964. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Arusha mwaka 1968 kwa "ofisa Mwingereza wa jeshini" anatakiwa kufikiria upya: katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 hadi 1970 kulikuwa nchini na wakufunzi wa kijeshi kutoka Kanada, na mwenyeji asingetofautisha Kiingereza chao. Hapo hata chaguo la kipimo linabadilika, kwani Wakanada na Wamarekani wamejaa zaidi AncestryDNA, na AncestryDNA haipokei data iliyopimwa kwingine. Mwanajeshi akiwa Mwingereza kweli na alizaliwa kabla ya 1939, faili lake huenda liko kwenye kundi linalohamishiwa Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza, iliyoko Kew, London.

Hesabu ya mimba nayo ifanywe bila haya. Toa wiki 38 kwenye tarehe ya kuzaliwa. Mtoto wa Agosti 1979 alitungwa karibu na Novemba 1978, wakati vita vya Kagera vimeshaanza. Kama baba wa kwenye cheti alikuwa mpakani miezi hiyo, kuna swali. Angalia pia kama alipata likizo. Ruhusa ya siku saba imeshaharibu hoja nyingi nzuri.

Hiyo njia ya hapahapa ni Mkemia Mkuu, ambaye ofisi yake ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha. Hupeleki pamba kwenye bahasha mwenyewe. Sheria ya vinasaba ya 2009 inataka ombi lipitie kwa anayetambuliwa, kama mahakama, polisi, wakili au ofisa ustawi wa jamii. Kwa mtu wa kawaida, ofisa ustawi wa halmashauri ndiye mlango mwepesi. Malipo ni kwa kila sampuli, kwa namba ya kumbukumbu ya serikali. Kinachopatikana ni jibu la ndiyo au hapana kati ya watu waliofika, bila orodha ya binamu. Vipimo vya ubaba hulinganisha maeneo 15 au zaidi ya vinasaba. Kupishana eneo moja kunaweza kuwa badiliko la kawaida kati ya vizazi. Yakipishana matatu au zaidi kwa kawaida huyo si baba. Baba akiwa amefariki, ndugu wawili peke yao hutoa jibu dhaifu, kwa hiyo mama naye apimwe ili sehemu yake itolewe kwenye hesabu. Kwa mirathi au kubadilisha ubini, hili ndilo jibu la kupeleka mahakamani. La boksi halishiki, kwa sababu hakuna ofisa aliyeona ni shavu la nani lililopanguswa.

Usiri: mwaka 2018 iligundulika kwamba barua pepe na nywila zilizofichwa kwa msimbo za wateja milioni 92 wa MyHeritage zilikuwa zimevuja, ingawa data ya vinasaba haikuguswa. Tumia jina la kifupi na barua pepe mpya. Akaunti ya shangazi isimamiwe na mtu anayemwamini, na aelezwe kabla ya kupangusa, kwa Kichaga au Kipare kama ndicho anachokielewa vizuri, kwamba majibu yanaweza kugusa watoto wake mwenyewe na siyo wewe tu. Akikataa, boksi halina tarehe ya haraka. Liweke kabatini, penye baridi, mbali na jua la Moshi.

Kwa anayetafuta baba mgeni: nne kati ya tano, moja imekatwa kwa sababu miti ya ukoo na baadhi ya zana hufungwa mpaka ulipe usajili wa mwaka. Kwa anayetafuta baba mwenyeji: moja kati ya tano, na hiyo moja ni ya vijiti.