Mgao wa mapato au ruzuku yenye masharti?

Nchini Kenya, pesa za serikali kuu hufika kwenye kaunti 47 hasa kwa njia mbili: mgao wa mapato na ruzuku yenye masharti. Mgao, ambao Katiba ya 2010 inataka usipungue asilimia 15 ya mapato yanayokusanywa na serikali kuu, hupangiwa matumizi na kaunti yenyewe. Ugomvi wake ni kiasi na kuchelewa. Ukichelewa, hata mishahara huchelewa.

Ruzuku huja imeshapangiwa kazi. Tazama mradi wa kukodi vifaa vya hospitali ulioanza 2015: Wizara ya Afya ndiyo iliyotia saini mikataba, kaunti zikapelekewa mashine, na malipo ya kukodi yakakatwa Nairobi kabla pesa hazijafika kaunti. Kuna hospitali zilizopokea mashine bila wataalamu wa kuziendesha. Magavana walilalamika hadi Seneti ikachunguza.

Mimi ningechagua mgao, hata ukichelewa. Ukiharibika, angalau gavana hana wa kumsingizia.