Fomu ya kurasa nne kwa mtu asiyeweza kushika kalamu

Nimekuwa nikiahirisha kuandika maoni haya, kwanza kwa sababu hasira ilikuwa bado mbichi, na pili kwa sababu mkono wenyewe haukuniruhusu. Haya mnayoyasoma yameandikwa kwa vipande, dakika kumi kumi, kama nilivyoelekezwa na mtaalamu wa fiziotherapia wa kliniki ileile ninayoilalamikia. Jina la kliniki silitaji. Wakazi wa Dar es Salaam watajaribu kubahatisha na huenda wakakosea, maana nasikia mapokezi ya namna ile hayapo mahali pamoja tu.

Mimi ni katibu muhtasi. Kwa miaka kumi na tisa nimechapa barua, kumbukumbu za vikao na taarifa za robo mwaka ambazo sina hakika kama yupo aliyewahi kuzisoma hadi mwisho. Siku chache kabla ya Ramadhani nilianza kuamka usiku wa manane mkono wa kulia ukiwa umekufa ganzi na vidole vikiwaka kama vilivyomenya pilipili, nikawa naukung'uta pembeni mwa kitanda hadi mume wangu akahamia sebuleni. Kazini kikombe cha chai kilinidondoka mara mbili, mara ya pili mbele ya wageni wa mkurugenzi. Jirani alinichua kwa mafuta ya karafuu. Nilinukia vizuri, lakini ganzi ilibaki palepale. Ndipo nikaenda kliniki.

Binti wa mapokezi hakuniamkia, nikaona si neno, maana shikamoo imekuwa adimu mjini. Alinisukumia fomu ya kurasa nne na kunionyesha kalamu iliyofungwa kwenye kaunta kwa uzi mfupi mno, hata ikabidi mtu aandike akiwa amesimama na kifundo cha mkono kimekunjwa, yaani katika mkao uleule ambao, kama nilivyokuja kufahamishwa baadaye nikiwa ndani, ndio unaoliumiza eneo lile. Nilimweleza kwa upole kwamba kilichonileta ni huo mkono, kwamba kalamu inanitoka vidoleni, na nikamwomba aandike yeye nami nimtajie. "Mama, kila mtu hujaza mwenyewe," akasema. Nikarudia ombi langu. Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza, akanikagua kuanzia kichwani hadi begani, kisha akasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye mabenchi ya nyuma: "Kama mkono unauma, mbona mkoba umeubeba?"

Mkoba ulikuwa kwenye bega la kushoto. Nimelieleza jambo hili kwa mume wangu, kwa dada zangu wote watatu na kwa mama mmoja niliyekaa naye kwenye daladala ambaye hata hakuniuliza, na sasa nawaeleza ninyi: mkoba ulikuwa kwenye bega la kushoto, na ndani yake mlikuwa na miwani, kadi ya bima na kitambaa cha mkono. Lakini hata kama ungekuwa kulia, je, ni kazi ya mapokezi kuamua ni nani anayeumwa? Maradhi haya yana ubaya huo. Hayana plasta wala damu, na mtu anayeyaugua huonekana mzima kabisa mpaka aombwe kufungua kifuniko cha chupa.

Basi nikaijaza fomu kwa mkono wa kushoto. Ilinichukua karibu saa nzima, na mwandiko ulikuwa kama wa mtoto wa chekechea anayeandika ndani ya gari linalotembea. Kwenye ukurasa wa tatu paliulizwa kama maradhi yametokana na kazi, nami nilipokuwa naelekea kuweka alama kwenye ndiyo, binti yule, ambaye kumbe muda wote alikuwa ananitazama, akaniambia niweke hapana, kwa kuwa bima huleta usumbufu wakisikia habari za kazini. Nchi hii ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ambayo haishughulikii ajali tu bali hata maradhi yatokanayo na kazi. Mimi mwenyewe nimechapa zaidi ya barua moja zinazoitaja. Na bado nikaweka hapana. Nilikuwa nimechoka, na mkono wa kushoto nao ulikuwa umeanza kulalamika. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko hata habari ya mkoba, ingawa nikiulizwa kesho huenda nikasema ni mkoba.

Kama ningeondoka saa ile, maoni haya yangeishia hapa kwa nyota moja. Lakini haki ni haki. Kijana aliyenipokea chumbani alisimama, akaniamkia, akauchukua mkono wangu kama mtu anayepokea sahani ya moto. Aliniambia nikutanishe migongo ya viganja, vidole vikitazama chini, na nibaki hivyo kwa dakika moja. Hata nusu yake haikufika kabla kidole gumba, cha shahada na cha kati havijaanza kuwaka, huku kidole cha mwisho kikiwa kizima kabisa, naye akatikisa kichwa kama aliyekutana na mtu anayemfahamu. Kidole hicho cha mwisho, alieleza, kinahudumiwa na neva nyingine ambayo haipiti njia ileile. Katika kifundo cha mkono mna njia nyembamba yenye mifupa upande mmoja na utepe mgumu upande wa pili, na humo hupita kano tisa pamoja na neva moja. Akanitolea mfano wa uchochoro wa Kariakoo wenye mikokoteni tisa na mtu mmoja aliyebeba trei ya mayai: mikokoteni ikifura, tunajua nani ataumia.

Nilipenda pia kwamba hakunidanganya. Aliuliza kuhusu kisukari na tezi ya shingoni, akasema hayo nayo huweza kuleta hali hii, na hakuwa tayari kuapa kwamba kuchapa peke yake ndiko kulikonifikisha pale. Kisha akataka nimwelezee meza yangu. Nilimweleza: ni meza ya zamani ya vikao, ndefu kwenda juu kuliko inavyonifaa, kwa hiyo huchapa mabega yakiwa juu na vifundo vimekunjwa kama mtu anayechungulia ukutani. Alinielekeza nikiinue kiti mpaka viwiko vilingane na kibodi, na kwa kuwa sasa miguu inaning'inia, niiwekee kitu chini. Ofisi haijaninunulia kitu hicho. Naiegemeza kwenye rimu mbili za karatasi, ambazo mhasibu huja kuzikagua kila Ijumaa.

Nilipojisifu kwamba nimeanza kuhamishia kazi zote mkono wa kushoto, alicheka kidogo, akanisimulia habari ya tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliyeandika juu ya maradhi ya wafanyakazi mwanzoni mwa karne ya 18. Huyo alimtaja karani mmoja ambaye mkono wake wa kulia ulipooza kwa kuandika, akajifunza kuandika kwa wa kushoto, na baada ya muda si mrefu huo nao ukapatwa na maradhi yaleyale. Nilikumbuka ile saa nzima pale kaunta, damu ikanichemka upya. Kwa hiyo mtu wa karne ya 18 alikwisha kulijua jambo ambalo mapokezi ya kliniki ya viungo hayalijui!

Alinipa kishikizo chenye ubao mwembamba wa kuunyoosha mkono wakati wa kulala, kwa sababu usingizini sisi hukunja vifundo bila kujua. Usiku wa kwanza nilikichukia. Kilinitoa jasho na kunasa kwenye chandarua. Ilipofika wiki ya tatu hivi nililala mpaka adhana ya alfajiri bila kuukung'uta mkono, na mume wangu akarudi chumbani. Ganzi haijaisha yote, na sindano ya uzi bado ninaitungisha kwa kubahatisha, lakini vikombe sasa havinidondoki.

Kwa hiyo je, nawashauri mwende? Nendeni kwa ajili ya yule kijana. Msiende peke yenu. Au pigeni simu kwanza mwulize ni nani aliye zamu pale mbele, na mkiambiwa ni yeye, basi ahirisheni; ingawa mimi mwenyewe nimekwisha kurudi mara nne na kila mara nimemkuta yeye.

Mara ya mwisho ndipo aliponiita nilipokuwa natoka. Nilidhani anataka kuniomba radhi, nikaanza hata kutengeneza uso wa kusamehe. "Mama," akasema, "ile fomu yako haisomeki. Inabidi ujaze nyingine." Safari hii nimekataa kusimama pale, nikaondoka nayo. Binti yangu amenijazia kurasa zote kwa mwandiko mzuri wa shule, isipokuwa nafasi moja ya ukurasa wa tatu ambayo nimemwambia aniachie. Fomu ipo hapa mezani, na miadi yangu ni Jumanne.